Zawadi ya Siku Tatu Diani

Sehemu ya Tano

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jina langu ni Munyiva na kazi yangu ni kuwapangia watu mapumziko mafupi. Wikendi Diani, siku tatu Zanzibar, siku nne Kigali au Cape Town. Nina ofisi ya chumba kimoja kwenye ghorofa ya pili, Kilimani. Ukija kwangu hujisumbui na kitu. Ndege, hoteli, chumba kinachopata jua la asubuhi, hata leso ya kujifunga ukiwa ufuoni, vyote nakuchagulia mimi.

Wiki iliyopita niliwaeleza kuhusu Kuria, mteja mtanashati mwenye sauti ya chini, aliyetaka kumshtukiza mkewe Wangui kwa siku tatu za Diani. Aliniambia wamekosana kidogo, mke amehamia Kangemi na mtoto wao, Shiku. Akaniomba nimpigie simu mimi. Nimwambie ameshinda zawadi kwenye bahati nasibu ya saluni anayosukwa nywele. Jina la mume nisilitaje kabisa.

Nilipiga. Wangui alicheka kwenye simu mpaka nami nikacheka.

Jumanne asubuhi Jackton, dereva mpya wa Kuria, alimchukua Wangui Kangemi akamleta ofisini kwangu kuchukua zawadi yake. Ni Jackton huyo huyo aliyenirudisha nyumbani Kileleshwa mara mbili tukiwa kwenye mipango. Wangui hakuwa anamjua.

Hadithi niliikatisha pale Kuria alipotoka kwenye jiko dogo nyuma ya ofisi, akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akautia mfukoni.

Sasa sikilizeni.

Wangui hakupiga kelele. Alivuta mkoba wake kifuani na kuniangalia mimi, si yeye.

"Ni wewe ulinipigia simu?"

"Ni mimi, lakini nilikuwa nafikiri..."

"Ulijua ni yeye anakutuma?"

"Nilijua ni mume wako."

"Basi ulijua."

Kuria alivuta kiti akakipangusa kwa kiganja, kama mhudumu wa hoteli. "Mama Shiku, keti. Madam ametupangia kitu kizuri sana na hujakisikia hata kidogo."

"Nifungulie mlango, Baba Shiku."

"Keti."

Aliketi. Na jinsi alivyoketi ndipo nilipoelewa. Aliketi ukingoni mwa kiti, shingo imezama mabegani, jicho moja likiufuata mkono wa yule mwanamume kila ulikoenda. Hawa hawakuwa wamekosana kidogo. Huyu mama alikuwa amejificha, na mimi ndiye niliyemtoa mafichoni kwa sauti yangu tamu ya kazi.

Nilishika simu yangu. Kuria akaona.

"Lete, madam."

"Bosi, mimi sitaki mambo haya ofisini kwangu. Mkitaka kuzungumza, nendeni..."

Aliichukua mkononi mwangu bila nguvu wala haraka. "Nambari ya kufungulia?"

Nikakataa kwa kichwa.

Akamshika Wangui kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakikunja kwa nyuma. Hakumtazama Wangui. Alikuwa ananitazama mimi. Wangui aliuma ukosi wa blauzi yake.

Nikamtajia.

Alisimama karibu na dirisha, akaandika kitu kwenye simu yangu kwa kidole gumba, akangoja, akaandika tena. Kisha akaitia mfukoni na kurudi mezani. Aliuweka ule mkono wa Wangui juu ya meza yangu, akaufunika kwa mkono wake. Mtu angepita angesema ni wapenzi.

"Sasa msomee," akasema. "Siku ya kwanza."

"Bosi, tafadhali."

"Siku ya kwanza, madam. Unajua mimi nilikuja kwako kwa sababu nilisikia unazungumza vizuri."

Mipango yangu huwa naijua kwa kichwa. Nilianza, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Siku ya kwanza mnaruka kutoka uwanja wa Wilson saa nne asubuhi. Mnatua Ukunda kabla ya chakula cha mchana. Gari linawangoja nje ya uwanja. Chumba kiko chini kabisa, ukifungua mlango unakanyaga mchanga."

"Umesikia, Mama Shiku? Unakanyaga mchanga."

Akakivunja kile kidole. Kilitoa mlio wa karoti ikivunjwa.

Wangui alitoa sauti fupi puani. Machozi yalimtiririka lakini hakuusogeza mkono. Mtu aliyezoea anajua kwamba ukivuta, unaongezewa.

"Siku ya pili," Kuria akasema.

"Naomba umwache. Nitakufanyia chochote."

"Hiki ndicho nataka unifanyie. Siku ya pili."

"Siku ya pili asubuhi mnapanda mashua yenye sakafu ya kioo, mnaona samaki na matumbawe. Mchana mnakandwa mwili, wote wawili, chumba kimoja. Jioni meza yenu iko ufuoni. Kamba wa kuchoma, madafu, mishumaa..."

"Mishumaa," akasema Kuria, na kuvunja cha pili.

Mezani kwangu kuna, au niseme kulikuwa na, ndege ndogo ya chuma iliyosimamishwa juu ya kipande cha marumaru. Karibu kila wakala wa safari anayo. Nilikuwa nimeanza kuisogelea kwa mkono wa kulia tangu alipotaja siku ya pili.

"Siku ya tatu mnavuka feri," nikasema. "Mnaingia Mombasa, Mji wa Kale. Mnakunywa kahawa na halua kwenye kibaraza. Baada ya hapo..."

Nikampiga nayo.

Ilimpata sikioni, na haikumpata vizuri. Aliyumba, akashika meza, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama kwamba kiti ndicho kilichomrukia. Kisha ngumi yake ikaniingia mdomoni.

Sikumbuki nikianguka. Nakumbuka niko chini, vitabu vya picha za hoteli vimenimwagikia, na jino langu linatembea juu ya ulimi. Alinipiga teke tumboni, la pili mbavuni. Akanikandamiza kifuani kwa goti na vidole vyake vikanizunguka koo.

"Ulikuwa umebakisha siku moja tu," aliniambia kwa ile sauti yake ya chini. "Moja tu, madam."

Macho yangu yalianza kuona giza pembeni. Nyuma ya kichwa chake niliona ile ndege ikipanda juu, ikashuka. Wangui alikuwa ameishika kwa mkono mzima. Alimpiga kisogoni. Akampiga tena. Mara ya tatu bawa lilivunjika likabaki limechomeka kwenye ngozi ya kichwa, na damu ikaruka mpaka kwenye picha yangu ya Zanzibar ukutani.

Kuria aliniangukia kama gunia.

Wangui alimpekua mfuko wa kulia, akatoa ufunguo. Mimi nilijitoa chini yake nikajaribu mfuko wa kushoto, ule wenye simu yangu. Mkono wa Kuria ukanishika kifundo cha mguu. Hakuwa amezimia.

Wangui aliukanyaga ule mkono kwa kisigino mpaka ukaachia. "Acha simu," akasema. "Twende."

Niliiacha. Ningejua nilichokuwa naacha, ningerudi hata kama angenikata mguu.

Nje ya mlango tulimkuta Harleen. Ana duka la nguo za harusi mlango wa pili kutoka kwangu, na alikuwa amesimama pale na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, uso umepauka.

"Nilisikia vitu vinavunjika nikafikiria mnahamisha meza," alisema. Akaona mdomo wangu. Akaona mkono wa Wangui. "Nani yuko ndani?"

"Funga," Wangui akasema.

Alimpa Harleen ufunguo, na Harleen akafunga mlango kwa nje, mara mbili.

"Twende polisi," Harleen akasema.

"Mtoto wangu kwanza. Yule dereva anajua mlango wangu."

Hatukubishana. Tulishuka ngazi tukaingia gari la Harleen. Mkoba wangu, simu yangu na funguo zangu za nyumba vyote vilibaki juu na Kuria. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba hatukuwa tumefika hata kwenye kona alipoanza kugonga mlango na kulia kwamba wanawake wawili wamemwibia. Askari wa jengo akamfungulia kwa ufunguo wa akiba. Akampa kitambaa cha kufuta damu. Akamwitia bodaboda.

Garini Harleen alimpa Wangui kipande cha hariri nyekundu, ya lehenga, sketi ya harusi ya mteja wake, ajifunge ule mkono. Vidole viwili vilikuwa vimevimba vikawa kama vya mtu mwingine.

"Nipatie simu," Wangui akamwambia.

Alimpigia jirani aliyemwachia mtoto. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Magari yalikuwa yamesimama pale barabara ya James Gichuru na Harleen alipanda ukingo wa barabara, watu wakatupigia honi.

"Anamwangalia nani?" nikauliza. Maneno yalitoka na mate ya damu.

"Mama Minayo. Anauza omena, simu huweka chini ya mfuko." Alipiga mara ya tatu. Kisha akaanza kuzungumza akiangalia nje ya dirisha, na sikujua kama ananiambia mimi.

"Fungate letu lilikuwa Malindi. Siku ya pili nilimuuliza mhudumu jina lake, ili nimshukuru kwa jina. Usiku huo Baba Shiku alinivunja ubavu. Nilikaa chumbani mpaka siku ya kurudi, nikisikia maji tu. Sijawahi kuingia baharini mimi."

Harleen alinitazama kwenye kioo. Nikainamisha kichwa.

"Uliponipigia nikasema, sasa nitaenda na Shiku. Zawadi ya watu wawili, si uliniambia ni ya watu wawili? Jana nilimnunulia nguo ya kuogelea pale sokoni. Amelala nayo."

"Wangui, nisamehe. Alionekana mtu mpole."

"Kwa wageni ni mpole."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira nisingeumia sana.

Tulifika Kangemi, Harleen akasimamisha gari kando ya Waiyaki Way. Njia ya kuingia kwa Wangui haipitishi gari. "Nendeni," akasema, "mimi napigia polisi nikiwa hapa, gari likiwa limewashwa."

Tulipita sokoni tukikimbia. Watu walitupisha, wengine wakatuangalia midomo wazi. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe ya kazi na ilikuwa nyekundu mpaka kiunoni.

Mama Minayo alikuwa mlangoni kwake, mkabala na mlango wa Wangui, anapepeta omena, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye ungo. Alituona akasimama polepole.

"Mama Shiku, umefanya nini mkono?"

"Shiku yuko wapi?"

"Si yuko nawe?"

"Mama Minayo. Mtoto yuko wapi?"

Yule mama alishusha ungo. "Dereva wako alirudi. Alisema ile zawadi ni ya watu wawili, na mtoto amesahaulika. Akanionyesha ujumbe kwenye simu, umetoka kwa huyo dada wa safari. Wewe mwenyewe asubuhi ulinionyesha lile gari, Mama Shiku. Mtoto aliingia akiwa anaimba."

Wangui aliketi chini kwenye matope. Hakuanguka, aliketi, akanyoosha miguu mbele, akaushika ule mkono uliofungwa hariri kama mtoto mchanga.

"Walienda upande gani?" nikamuuliza Mama Minayo.

"Wa barabara. Kwani huyo si dereva?"

Nambari ya Jackton ilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu ilikuwa Kilimani. Ndivyo nilivyofikiri.

"Mama Shiku."

Niliijua ile sauti kabla ya kugeuka. Kuria alikuwa amesimama mwanzo wa kichochoro. Kitambaa cha askari kilikuwa kimefungwa kichwani na kimeshaloa. Njiani humo kuna mafundi wa vitanda, na alikuwa amepita kwenye meza ya mmoja wao akachukua nyundo. Fundi mwenyewe alikuwa nyuma yake, anamfuata kwa mbali, anauliza, "Mzee, hiyo nyundo unaipeleka wapi?"

"Simama twende nyumbani," Kuria akamwambia mkewe.

Mama Minayo alijiweka katikati. Ni mwanamke mfupi, mnene, anayeweza kuwa mama yangu. "Baba, zungumza kwanza," akasema, amenyoosha mkono.

Kuria alimpiga nyundo begani. Nilisikia mfupa. Mama Minayo alikwenda chini na ungo ukaenda naye, omena ikatapakaa njia nzima.

Kisha akamshika Wangui kwa nywele za kusukwa, akazizungusha kiganjani, akaanza kumburuta. Wangui alikuwa anauliza kitu kimoja tu, tena na tena. "Umempeleka wapi? Umempeleka wapi?" Hakumjibu. Aliinua nyundo.

Kuna neno ambalo mtu yeyote wa Nairobi analijua. Analijua na uzito wake. Anajua kwamba ukilitamka sokoni mchana, halirudi mdomoni. Sikulitamka kwa bahati mbaya. Nililichagua.

"Mwizi wa mtoto," nikapiga kelele. "Ameiba mtoto. Mwizi wa mtoto huyu."

Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alimpiga kwa ubao wa kitanda, kwenye magoti. Nyundo ikaanguka, na kabla Kuria hajaanguka kichochoro kilikuwa kimejaa. Wabeba mizigo walitoka sokoni. Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zikinguruma. Wanawake waliokuwa wananunua sukuma wiki walikuja na mifuko mkononi. Hakuna aliyeuliza mtoto gani. Mama Minayo alikuwa chini anaugulia na omena imemwagika, na hiyo ilitosha.

Nilitazama. Nitawaambia ukweli, nilitazama na moyo wangu ulikuwa unasema, bado. Walimpiga na viatu vya mabuti. Walimpiga na mawe ya kujengea. Mtu mmoja alimpiga kwa mnyororo wa baiskeli na kila ukishuka nguo ilifunguka, kisha ngozi. Suti yake nzuri ya kijivu ilifunikwa na matope. Alijikunja, akafunika kichwa, wakampiga kwenye mikono mpaka mikono ikaacha kufunika. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowaudhi zaidi.

Nikaona tairi likija juu ya vichwa vya watu.

"Petroli," mtu akasema. "Bodaboda, toa petroli."

Wangui alikuwa amepiga magoti kando, nywele zimeng'oka upande mmoja. Nilimwona akiliangalia lile tairi. Nilimwona akielewa. Alipasua umati kwa kichwa kama mbuzi, akajirusha juu ya Kuria, akamfunika.

Jiwe lililokuwa tayari limeshaachiliwa lilimpata yeye mgongoni.

"Msimuue," alilia. "Ni yeye tu anajua mtoto yuko wapi. Akifa simpati mtoto wangu. Niueni mimi lakini huyu msimuue."

Watu walisita. Muuza nyama mmoja, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe la kazi, alinyoosha mikono pande zote mbili na wengine wakarudi hatua.

"Mama, huyu ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

"Na ndiye amekuibia mtoto?"

"Niachieni nimuulize."

Alimgeuza uso. Uso wenyewe haukuwa tena uso wa mtu niliyempangia safari. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Wangui alimpangusa matope mdomoni kwa ncha ya ile hariri, taratibu, kama anavyompangusa mtoto aliyekula uji.

"Baba Shiku. Nitarudi nyumbani. Mbele ya hawa watu wote nakuapia nitarudi. Niambie tu Shiku yuko wapi."

Lile jicho moja lilizunguka. Likapita uso wake, likapita muuza nyama, likanipata mimi. Meno yalikuwa mekundu na aliyaonyesha yote.

"Muulize madam," akasema. "Si ndiye aliyepanga."

Watu wakageuka.

Nilikuwa bado natafuta la kusema simu ilipoanza kuita ndani ya mfuko wake. Ulikuwa mlio wa simu yangu. Nilitaka kumrukia, lakini muuza nyama aliinama kwanza, akaitoa, akaifuta kwenye koti.

"Hii simu ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Alininyang'anya."

Aliniangalia, akaangalia kioo cha simu, akagusa. Akaweka sauti ya nje, kila mtu asikie.

Alikuwa Syokau, msichana anayenisaidia kazi za nyumbani. Tumekaa naye miaka minne. Ana sauti nyembamba na husema kwa haraka akiwa na wasiwasi.

"Anti Munyiva, huyu mtoto uliyeniandikia kwamba dereva anamleta analia sana. Anataka mamake. Nimefunga mlango kama ulivyosema na sijafungulia mtu, na dereva alishaenda. Sasa nimpe nini? Anti? Unanisikia?"

Nyuma ya sauti yake tulimsikia mtoto.

Wangui aliinuka juu ya mumewe. Alifika kwenye ile simu kwa hatua mbili.

"Shiku," akasema. "Shiku, ni mami."

Mtoto alilia zaidi.

"Hapo ni wapi?" Wangui akauliza. "Wewe msichana, hapo ni wapi?"

"Ni kwa Anti Munyiva, Kileleshwa. Wewe ni nani?"

"Aliandika Kuria," nikasema. Nilisema kwa watu wote na nilisema kwa sauti, lakini mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka yamepondeka. "Alichukua simu yangu ofisini. Aliandika yeye. Wangui alikuwa pale. Wangui aliona. Wangui, waambie."

Muuza nyama alimwangalia Wangui. Wote walimwangalia. Angetamka neno moja tu. Hata angetikisa kichwa, ingetosha.

Alikuwa ameishikilia simu sikioni kwa ule mkono mzima, midomo inamwambia mtoto mami anakuja, mami anakuja. Sijui kama alinisikia. Mpaka leo sijui, na nimelala kitandani siku nyingi nikijiuliza. Alinipita karibu kiasi kwamba bega lake liligusa langu. Akatoka mbio kuelekea barabarani, kwa Harleen na gari lililowashwa.

"Wangui," nikaita.

Umati ulifunguka ukampisha. Kisha ukajifunga tena, na mimi nikiwa ndani.

Kuria alikuwa ananitazama kutoka chini kwa jicho lake moja. Tairi lilikuwa limewekwa kando ya kichwa chake na hakuna aliyekuwa analiangalia. Mtu mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama na chupa ya plastiki, imejaa nusu, anangoja kuambiwa.

Mwanamke mmoja mwenye aproni ya kuuzia samaki alikuja mbele yangu, karibu kabisa, kisu chake cha kupaa magamba bado kiko mkononi. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana mtu anayetaka kujua.

"Dada," akaniuliza, "huyo mtoto wa wenyewe, ulikuwa umepanga kumpeleka wapi?"